Tambi Juu ya Mti, Theluji Kwenye Ikweta

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji unayetukuta hapa gazetini, taarifa ya habari ina itifaki yake kama harusi. Wanaotangulia ni wakubwa: marais, mawaziri, vita na bei ya mafuta. Baada yao huja michezo, kisha hali ya hewa. Halafu mwisho kabisa, kama dakika imebaki, msomaji wa taarifa hulegeza sauti na kuleta kile ambacho sisi wa chumba cha habari tunakiita kioja. Mbuzi kapewa umeya wa kijiji. Bibi wa miaka tisini karudi darasa la kwanza. Nyoka kakutwa amelala ndani ya injini ya gari.

Nimekaa mbele ya maikrofoni kwa zaidi ya miaka ishirini, na ninakuambia bila kukuficha kwamba kinachokumbukwa ni kile kioja. Abiria akinitambua sauti ndani ya daladala hataniuliza waziri alisema nini bungeni. Ataniuliza: "Yule nyoka walimtoaje?"

Kwa hiyo leo tugeuze mpangilio. Vioja tuviweke mbele, na wakubwa wasubiri nje kidogo. Nimechagua vitano kutoka katika historia ya dunia. Viwili ni uwongo mtupu, na watu waliumeza. Vitatu ni kweli, na watu waliicheka. Cheka na wewe, maana vioja viliumbwa vichekwe. Lakini ukiwa unacheka, jiulize swali moja: watu hawa walikuwa wakipima neno lililosemwa, au walikuwa wakimpima aliyelisema?

Tuanzie New York, nchini Marekani, mwaka 1835. Gazeti la The Sun lilikuwa na umri wa miaka 2 tu. Mwanzilishi wake, Benjamin Day, aliliuza kwa senti moja, wakati magazeti makubwa ya mji yaliuzwa kwa senti sita. Gazeti la senti moja haliwezi kuishi kwa wasomaji mia mbili waungwana, linataka umati. Na umati, kama tunavyojua sisi wa kazi hii, hauitwi kwa hotuba za bajeti.

Tarehe 25 Agosti mwaka huo The Sun lilianza mfululizo wa makala sita. Lilisema kwamba Sir John Herschel, mwanafalaki maarufu wa Uingereza, alikuwa kwenye Rasi ya Tumaini Jema, kule Afrika Kusini, akiwa na darubini mpya kubwa ajabu, na kwamba kwa darubini hiyo ameona viumbe hai juu ya mwezi. Makala ya kwanza yalijaa vipimo vya vioo na maelezo ya kitaalamu ya kuchosha, na huo ndio ulikuwa ujanja wenyewe. Baada ya vipimo wakaja wanyama: makundi ya nyati wadogo, mbuzi wenye pembe moja, na biva, yule mnyama wa majini ajengaye mabwawa, lakini biva wa mwezini hana mkia, anatembea kwa miguu miwili, anabeba watoto wake mikononi na anaishi kwenye kibanda kinachotoa moshi. Siku zilizofuata wakatokea watu wenyewe, wafupi, wenye manyoya na mabawa kama ya popo, wakiruka na kuketi wakizungumza. Lilitokea hata hekalu. Kisha, habari ilipofika mahali ambapo msomaji angetaka kuona zaidi, gazeti likasikitika kueleza kwamba darubini ilisahauliwa ikielekea jua, kioo chake kikakusanya mwali, na chumba kikaungua.

Watu waliamini. Gazeti lilijigamba kwamba linauza nakala zaidi ya 19,000 kwa siku, kiasi ambacho kwa zama zile kilikuwa cha kutisha. Magazeti mengine yalinakili habari ile. Mwandishi wake wa kweli alikuwa Richard Adams Locke, mfanyakazi wa The Sun. Jarida la Scotland ambalo alidai kwamba ndilo chanzo chake lilikuwa limekwisha kufa miaka kadhaa kabla.

Sasa tusiwacheke mno wale watu wa New York. Herschel hakuwa mtu wa kubuniwa. Baba yake, William Herschel, ndiye aliyegundua sayari ya Uranus mwaka 1781. Yeye mwenyewe alikuwa kweli kwenye Rasi ya Tumaini Jema tangu mwaka 1834, na alikuwa kweli akichunguza nyota za kusini. Barua ya kumuuliza ingesafiri kwa meli kwa miezi. Locke hakuwauzia watu popo wa mwezini. Aliwauzia jina la Herschel, na popo wakapanda juu ya jina hilo kama abiria wasiolipa nauli. Habari zilipomfikia Herschel mwenyewe, mwanzoni alicheka. Baadaye alichoshwa na maswali.

Uwongo wa pili umetoka nyumbani kwangu, yaani kwa watangazaji. Tarehe 1 Aprili 1957, televisheni ya BBC ilionyesha katika kipindi chake cha Panorama filamu fupi ya dakika kama tatu hivi. Kipindi hicho hakikuwa cha vichekesho. Kilikuwa kipindi cha mambo mazito ya dunia, na watu wazima walikaa kukitazama kwa adabu. Filamu ilionyesha familia moja ya kusini mwa Uswisi ikivuna tambi. Akina mama walikuwa wakizichuma juu ya matawi, nyuzi ndefu nyeupe zikining'inia, wakizilaza kwenye vikapu na kuzianika juani. Sauti ilieleza kwamba mwaka ule mavuno yamekuwa mazuri kwa sababu baridi haikuwa kali na mdudu anayeshambulia tambi ametoweka. Ilieleza pia kwa nini tambi zote huwa na urefu sawa: ni matokeo ya kazi ya wakulima ya kuchagua mbegu kwa vizazi vingi.

Aliyebuni utani ule alikuwa mpiga picha wa BBC, Charles de Jaeger, mzaliwa wa Austria. Alipokuwa mtoto wa shule kule Vienna, mwalimu wao alikuwa akiwaambia kwamba wao ni wajinga kiasi kwamba wangeambiwa tambi huota mtini wangekubali. De Jaeger alilihifadhi tusi lile miaka yote, kisha akalitia kwenye filamu. Waliinunua tambi, wakaitundika kwenye miti karibu na Lugano, na bajeti yote haikuzidi pauni 100.

Simu zikaanza kulia BBC. Wengine walilalamika kwamba kipindi cha heshima kinafanya mzaha. Wengine waliuliza mti huo unapatikana wapi na unapandwaje. Walijibiwa kwamba wachukue kijiti cha tambi, wakichomeke kwenye kopo la sosi ya nyanya, na watumaini mema.

Hapa nako usiwacheke mno. Wakati ule Waingereza wengi waliijua tambi kama kitu cha kwenye kopo, na wachache walikuwa wamefika Uswisi. Lakini kubwa zaidi ni ile sauti. Aliyesoma maelezo alikuwa Richard Dimbleby. Sauti ile ndiyo iliyowaletea Waingereza habari kutoka kambi ya mateso ya Belsen mwaka 1945. Ndiyo iliyowaongoza katika mazishi ya Mfalme George wa Sita mwaka 1952 na katika kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili mwaka 1953. Sauti iliyokuzikia mfalme wako ikikwambia tambi huchumwa mtini, utaanzaje kubisha? Kama mtangazaji, kisa hiki kinanichekesha kwa upande mmoja na kunitia hofu kwa upande mwingine. Sauti inayoaminiwa ni amana, na mwenye amana anaweza kuuza chochote.

Wahenga walisema, lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nawaheshimu wahenga, lakini popo wa mwezini hawajaja mpaka leo.

Sasa tugeuze shilingi upande wa pili, tuone ukweli uliochekwa.

Mwaka 1798 Kapteni John Hunter, gavana wa koloni la Uingereza la New South Wales huko Australia, alituma Uingereza ngozi iliyokaushwa ya mnyama ambaye Mzungu hakuwahi kumwona. Ana manyoya kama mnyama wa porini, mdomo kama wa bata, miguu yenye utando kama ya bata, na mkia bapa. Leo dunia inamwita platipasi. Wakati ule wataalamu walipoitazama ngozi ile walinusa utapeli. Na walikuwa na sababu. Mabaharia waliotoka bahari za mashariki walikuwa wakileta mizoga iliyoshonwa kwa ustadi, nusu nyani nusu samaki, na kuwauzia watu kama viumbe wa baharini. Ngozi ya Australia ilikuwa imepita njia hizo hizo za meli.

Mtaalamu wa makumbusho ya London, George Shaw, alimweleza mnyama huyo kwa maandishi mwaka 1799, na hakuficha kwamba alishuku mdomo wa bata umebandikwa. Inasimuliwa kwamba alichukua mkasi na kutafuta nyuzi za mshonaji mahali mdomo unapoungana na kichwa. Hakuziona. Basi akamkubali mnyama na kumpa jina la kitaalamu. Mimi namheshimu sana Shaw. Alishuku, ni haki yake. Lakini hakuishia kwenye kushuku. Alikwenda kutazama, na alichokiona kikamshinda hoja.

Wenzake hawakuwa wepesi hivyo kwa jambo lililofuata. Mnyama huyu ana manyoya na ananyonyesha. Je, anazaa au anataga mayai? Wakubwa wa sayansi wa Ulaya walibishana kwa zaidi ya miaka themanini. Baadhi ya wenyeji asilia wa Australia, ambao walimwinda na kumla tangu enzi na enzi, walikuwa wamewaambia wageni mapema kwamba anataga. Maneno yao yaliandikwa na kuwekwa kando kama hadithi za jioni. Mwaka 1884 William Caldwell, mwanasayansi kijana kutoka Cambridge, alikwenda kupiga kambi mtoni, akasaidiwa na wenyeji wengi kumsaka mnyama huyo, akampata akiwa na mayai. Alipeleka simu ya maandishi yenye maneno manne tu kwenye mkutano wa wanasayansi uliokuwa ukifanyika Montreal, Canada, na ubishi ukaisha. Heshima alipewa Caldwell. Wale waliokuwa wakijua tangu zamani hawakuandikwa hata majina.

Sasa turudi nyumbani, maana kioja cha nne ni chetu.

Johannes Rebmann alikuwa mmisionari Mjerumani aliyetumwa na chama cha Kanisa la Uingereza, akiishi Rabai, karibu na Mombasa, pamoja na mwenzake Ludwig Krapf. Mwaka 1848 alifunga safari ya kwenda nchi ya Wachagga akiongozwa na Mswahili aitwaye Bwana Kheri. Asubuhi ya tarehe 11 Mei aliona mbele yake milima, na juu ya mmoja wao kitu cheupe kinachong'aa. Kwanza alidhani ni wingu. Akamuuliza kiongozi wake. Bwana Kheri hakuwa na neno la theluji, na angelitoa wapi mtu wa pwani? Alijibu kwamba ile ni baridi. Rebmann, aliyezaliwa kwenye nchi ya theluji, alielewa mara moja. Aliporudi huko tena na kukaa na Wachagga, aliwakuta wanaijua vizuri: wana jina lake, na wanajua kwamba ukiiweka motoni inageuka maji.

Habari hiyo ilichapishwa London mwaka 1849. London ikacheka. Theluji, mahali palipo nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta? Aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa William Desborough Cooley, mtaalamu wa jiografia ya Afrika, na utaalamu wake wote ulitoka kwenye vitabu vilivyokuwa kwenye kabati zake. Hakuwahi kukanyaga bara hili. Hata hivyo aliukataa ushahidi wa Rebmann moja kwa moja, na Krapf alipoiona theluji ya Mlima Kenya mwezi Desemba 1849, huo nao aliukataa. Mwaka 1852 alitoa kitabu kizima kuhusu ndani ya Afrika, akiwa bado ameshikilia yake.

Fikiria mizani ilivyokuwa. Upande mmoja kuna mtu aliyeuona mlima, kiongozi wa msafara aliyepita chini yake, na maelfu ya watu waliozaliwa na kuzeeka wakiutazama kila asubuhi. Upande wa pili kuna bwana mmoja kwenye kiti London. Na kwa watu wengi wa zama zile, kiti kilikuwa kizito kuliko mlima.

Mwaka 1861 Baron Karl Klaus von der Decken, Mjerumani tajiri, alikwenda kuupima mlima pamoja na Mwingereza mtaalamu wa miamba, Richard Thornton. Mwaka 1862 alirudi na Otto Kersten, wakapanda mpaka zaidi ya mita 4,000, na theluji ikawadondokea. Chama cha kifalme cha jiografia cha Uingereza kikampa nishani ya dhahabu. Bwana Kheri hakupewa kitu, na Wachagga waliendelea kulima migomba yao chini ya kitu ambacho hakikuwa na haja ya kuthibitishwa kwao.

Lakini nisije nikaonekana ninasema kwamba kila anayechekwa ana haki. Rebmann na mwenzake mwingine, Jakob Erhardt, walikusanya maneno ya wafanyabiashara wa misafara na kuchora ramani ya ndani ya Afrika, iliyotolewa katikati ya miaka ya 1850. Ndani yake kulikuwa na ziwa moja kubwa mno, limejipinda kama konokono aliyevua kombe. London ikacheka tena, na safari hii ilikuwa na sababu: ziwa la namna hiyo halipo. Lakini wafanyabiashara hawakusema uwongo. Kila mmoja alisimulia ziwa lake, na wachoraji wakayaunganisha matatu kuwa moja. Ramani ile mbovu ilisaidia kuwasukuma Richard Burton na John Speke kuondoka Unguja mwaka 1857 kwenda kutazama. Mwaka uliofuata walifika Ziwa Tanganyika, na Speke akaiona Nyanza. Kwa hiyo hata kosa lina faida, kama kicheko kinafuatwa na safari.

Kioja cha tano kinaanzia kwenye friza ya shule.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kijana wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakijitengenezea aiskrimu: unachemsha maziwa, unachanganya na sukari, unaacha yapoe, ndipo unayaweka kwenye friza. Nafasi ilikuwa ndogo na wagombea wengi. Siku moja kijana mwenzake aliharakisha kwa kuweka maziwa yake bila kuyachemsha. Mpemba, akiogopa kukosa nafasi, aliweka yake yangali moto. Saa moja na nusu baadaye walikwenda kutazama. Yaliyoingia moto yalikuwa yameganda. Yaliyoingia baridi yalikuwa bado uji.

Kuuliza si ujinga, tunafundishwa hivyo. Mpemba akamuuliza mwalimu wa fizikia, na akaambiwa amechanganyikiwa, haiwezekani. Baadaye rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu Tanga mjini alimwambia kwamba yeye huweka mchanganyiko ungali moto makusudi, ili ugande upesi. Wauza aiskrimu, kumbe, walikuwa wakijua na kula faida yake. Mpemba alipofika Mkwawa, Iringa, aliuliza tena darasani. Safari hii mwalimu alimjibu kwamba hiyo si fizikia ya ulimwengu, hiyo ni fizikia ya Mpemba. Darasa likaangua kicheko, na tangu hapo kila alipokosea hesabu wenzake walimwambia ni hesabu za Mpemba.

Kisha akaja shuleni mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Dk. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia. Baada ya mhadhara wanafunzi walikaribishwa kuuliza. Mpemba akasimama na swali lake: vyombo viwili vya maji yenye ujazo sawa, kimoja vuguvugu na kingine cha moto, vikiwekwa kwenye friza, kwa nini cha moto huganda kwanza? Wenzake wakacheka, wengine wakasema anawaaibisha. Osborne akatabasamu, akamwomba arudie, akamuuliza kama amejaribu mwenyewe. Mpemba akasema ndiyo. Mgeni akajibu kwamba sababu haijui, lakini akirudi Dar es Salaam atajaribu.

Na alijaribu. Alimpa kazi fundi wake wa maabara. Fundi akarudi na ripoti kwamba maji ya moto yameganda kwanza, lakini asiwe na wasiwasi, wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi! Ndugu msikilizaji, kama unataka historia nzima ya binadamu na ukweli katika sentensi moja, umeipata hapo.

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha matokeo pamoja katika jarida la kufundishia fizikia, na majina yote mawili yaliwekwa. Ikaonekana kwamba Aristotle, Francis Bacon na Descartes walikuwa wamelidokeza jambo hilo zamani, likasahauliwa. Leo dunia nzima inaliita athari ya Mpemba. Mwaka 2012 chama cha kemia cha Uingereza kilitangaza shindano la kulieleza, na yakaja majibu zaidi ya 22,000. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza walisema walipolipima kwa uangalifu hawakuliona, na kwamba kipimajoto kikihamishwa kidogo tu jibu hubadilika. Wengine wanasema lipo. Ubishi unaendelea, na ni ubishi mzuri, kwa sababu unafanyika mbele ya friza na si kwa kumtazama muulizaji kichwani mpaka miguuni.

Sasa vipange vioja vyetu vitano mstari mmoja. Uwongo ulioaminiwa ulikuja umevaa suti: jina la mwanafalaki mwenye cheo, sauti ya mtangazaji wa kifalme. Ukweli uliochekwa ulikuja peku: kutoka kwa mwindaji wa mtoni, kiongozi wa msafara, muuza aiskrimu, mtoto wa shule. Watu walitazama mavazi ya habari na kuamua.

Usiseme hayo yalikuwa ya zamani. Fungua simu yako. Kila siku unaletewa ujumbe unaoanza na "profesa mmoja wa Marekani amegundua", na jina la profesa halipo, au lipo na mwenyewe hana habari. Chini yake kuna dawa ya kunywa, jani la kutafuna, chanjo ya kukimbia. Popo wa mwezini hakumdhuru mtu. Hawa wa siku hizi wanadhuru, na wanapita kwa ujanja ule ule wa Locke: jina kubwa, vipimo vingi, na mbali ambako huwezi kuuliza. Na upande wa pili, nimesikia mara nyingi kwenye vipindi vya simu, mama kutoka kijijini akieleza kwamba maji ya kisima chao yamebadilika rangi na watoto wanaumwa matumbo, na studio nzima inachekelea lafudhi yake mpaka muda unakwisha. Hakuna aliyemuuliza kisima kiko wapi.

Mlima wenyewe ungali unatupa somo. Vipimo vinaonyesha kwamba kati ya mwaka 1912 na 2011 barafu ya Kilimanjaro ilipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Wazee wanaoishi chini yake hawakuhitaji takwimu hizo kujua kwamba weupe unarudi nyuma. Karne ya 19 wakubwa walibisha kwamba theluji ipo. Tusije tukawa watu wa kubisha kwamba inakwisha.

Kwa hiyo, ukiletewa kioja juma hili, kifurahie. Msimulie mwenzako, mcheke mpaka mbavu ziume. Halafu, kabla hujakiamini au kukitupa, fanya kama Shaw na mkasi wake, au kama Osborne na friza yake. Jiulize kama kuna njia ya kwenda kutazama. Na kama njia ni ndefu, muulize kwanza anayeishi pale pale, hata kama neno lake pekee ni "baridi".

Tukutane juma lijalo.